Kuchagua Okidi Ndogo kwa Mradi wa Kukuza Pamoja

Mradi wa kukuza pamoja ni mpango ambao watu kadhaa hupokea miche ya spishi moja kutoka chanzo kimoja, kila mmoja akaitunza nyumbani kwake kwa uwezo alio nao, kisha wakalinganisha matokeo mwezi hadi mwezi mpaka mimea ichanue. Okidi ndogo zinaufaa mpango huu kuliko mimea mingine mingi, kwa kuwa mche mmoja hauhitaji nafasi kubwa kuliko ya kikombe cha chai, unaweza kuning'inizwa kwenye baraza ya ghorofa ya nne, na wanachama 12 wanaweza kuchangia gharama bila mtu yeyote kuumia. Ugumu uko katika uchaguzi. Spishi ikichaguliwa vibaya, nusu ya wanachama hupoteza mimea yao kabla ya mwaka kwisha, na wanaobaki si washiriki wa mradi tena bali ni watu wawili watatu waliobahatika kuishi mahali panapoufaa mmea ule.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuanza na picha ya ua. Niliwahi kuwa katika kikundi cha watu 11, wengi wao wa Nairobi na Limuru na watatu wa Pwani, ambacho kilipiga kura na kuchagua Masdevallia baada ya kuonyeshwa picha moja tu. Kaskazi ya kwanza ilipovuma, miche yote ya wenzetu wa Mombasa ilioza kuanzia shingoni mwa jani, na hapakuwa na kosa walilolifanya: walikuwa wamepewa mimea ya misitu ya mawingu ya milima ya Andes wakaambiwa waikuze usawa wa bahari. Tangu siku hiyo ninashikilia kwamba ua lizungumzwe mwisho, na usiku uzungumzwe kwanza.

Anzeni na joto la usiku

Joto la mchana linaweza kupunguzwa kwa neti ya kivuli, kwa kumwaga maji sakafuni, au kwa kuhamishia mmea upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Joto la usiku haliwezi kushushwa kwa hila ndogo kama hizo. Usiku mmea hutumia akiba ya sukari iliyotengenezwa mchana, na kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo akiba hiyo inavyoliwa haraka. Mmea uliozoea usiku wa baridi ukiwekwa mahali ambapo usiku ni wa joto huishi kwa kula mtaji wake, ukatoa majani madogo kuliko ya mwanzo, kisha mizizi ikaacha kukua. Kinyume chake pia ni kweli, kwa maana okidi ya nchi tambarare yenye joto ikiachwa kwenye usiku wa nyuzi 9 haifi mara moja, lakini husimama kabisa, na maji yanayobaki kwenye mizizi iliyolala huleta uozo.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, na hilo peke yake linaeleza kwa nini Afrika Mashariki haiwezi kuhesabiwa kuwa mahali pamoja kwa mkuzaji wa okidi. Mombasa, hata katika Julai na Agosti, usiku husogea kwenye nyuzi 20 au zaidi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hushuka mwezi Julai hadi nyuzi 11 au 12. Mbeya nayo ina mwinuko unaokaribiana na wa Nairobi, ila usiku wake wa Juni na Julai mara nyingi huwa chini ya nyuzi 10. Watu watatu wa miji hiyo mitatu wakipewa mche mmoja mmoja wa spishi moja, wanalinganisha hali za hewa kuliko wanavyolinganisha ustadi wa kutunza.

Kwa hiyo kabla ya jina lolote la okidi kutajwa, kila mwanachama anunue kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, akitundike mahali hasa ambapo mmea utakaa, kwa kimo kile kile, na aandike namba za wiki mbili za Julai na wiki mbili za Februari. Utabiri wa hali ya hewa wa mji hausaidii sana hapa, kwa sababu baraza iliyozungukwa na kuta za saruji huwa na joto kuliko bustani iliyo hatua 10 kutoka hapo. Namba zikikusanywa, tazameni mwanachama mwenye usiku wa baridi kuliko wote na yule mwenye usiku wa joto kuliko wote. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba tofauti kati yao ikiwa chini ya nyuzi 6, spishi moja inatosha. Ikizidi hapo, kikundi kigawanywe mara mbili na kila upande upewe spishi yake, ikiwezekana za jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu kiukoo, ili mazungumzo yaendelee kuwa ya pamoja ingawa mimea si ile ile.

Udogo wa mche si udogo wa mmea

Muuzaji akikuonyesha mche wenye majani ya sentimita 4, hajakuonyesha okidi ndogo. Amekuonyesha okidi changa. Ansellia africana, ambayo wengi huiita okidi ya chui kwa madoa yake, hukaa vizuri kwenye kopo dogo katika miaka yake ya mwanzo, kisha mashina yake hupita nusu mita na kichaka kizima kikaweza kuwa kikubwa kuliko mtu mmoja anavyoweza kukibeba. Ulizeni kipimo cha mmea uliokomaa na ulio katika maua, kwa kuwa katika jenasi nyingi shuke la maua ni refu kuliko majani, na lile linaloning'inia huhitaji nafasi chini yake. Kwa kawaida wakuzaji huita ndogo kabisa ile okidi isiyozidi sentimita 15 bila kuhesabu shuke. Kwa mradi wa nyumbani kipimo hicho kinafaa, ingawa sioni haja ya kugombania sentimita mbili.

Tazameni pia namna ya kukua. Baadhi ya okidi hukua kwa shina moja linalopanda juu polepole, likiongeza jani jipya katikati, na hizi hubaki mahali zilipofungwa miaka yote. Nyingine hutambaa kwa shina la pembeni na kutoa kiazi kipya cha juu, yaani shina fupi lililovimba, mbele ya kile cha zamani. Bulbophyllum kadhaa zina majani madogo mno, lakini shina lao linalotambaa huacha nafasi ya vidole viwili kati ya kiazi na kiazi, na baada ya miaka mitatu mmea umeshatoka nje ya chombo chake pande zote. Kwa mradi ambao watu watapima na kulinganisha, zile za shina moja ni rahisi zaidi, kwani kila mmoja anajua jani jipya ni lipi na hakuna ubishi wa kuhesabu.

Spishi ninazozipa nafasi

Kwa kikundi cha nyanda za juu na za kati, yaani Nairobi, Arusha, Lushoto na mahali panapofanana na hapo, ningeanza na Aerangis luteoalba ya aina iitwayo rhodosticta. Ni okidi ya kwetu kweli kweli: inaota kuanzia Kameruni, kupitia Kongo na Uganda, hadi Ethiopia, Kenya na Tanzania, mara nyingi kwenye vitawi vyembamba vya miti yenye kivuli karibu na mito. Majani yake ni membamba na machache, na shuke lake huinama likiwa na maua yaliyopangwa safu mbili kama shanga, kila ua likiwa jeupe linaloelekea rangi ya malai na katikati lina nguzo, yaani kiungo cha uzazi cha ua, nyekundu inayowaka. Huchanua ikiwa bado ndogo, na hilo lina maana kubwa katika mradi, kwa sababu watu huchoka kusubiri. Masharti yake ni mawili. Haipendi jua, hivyo neti ya kuzuia asilimia 70 hadi 80 ya mwanga haiwi nyingi kwake. Na haivumilii mizizi inayokaa majini, ndiyo maana hufungwa kwenye kipande cha tawi badala ya kupandwa kwenye chungu.

Tawi lenyewe lichaguliwe kwa makini. Tawi kavu la mbuni ni gumu, lina gamba la kushikika na hupatikana bila shida mahali ambapo kahawa hupogolewa. Mpera na mkaratusi haifai, kwani gamba lake hubambuka, na mizizi iliyojishika kwa miezi 8 huanguka nalo. Shina la mti-kangaga, ambalo zamani lilikuwa likisifiwa sana, liacheni msituni. Mingi ya miti hiyo nayo inalindwa, na hakuna sababu ya kuua mmea mmoja ili kupamba mwingine.

Kwa watu wa Pwani jenasi hiyo hiyo ina Aerangis kirkii, ambayo kwa asili ni ya vichaka na misitu ya nchi tambarare ya pwani za Kenya, Tanzania na Msumbiji. Majani yake hupanuka kuelekea ncha na kugawanyika kama mkia wa samaki. Maua yake ni meupe, machache, nayo hunukia usiku. Kikundi kilichogawanyika mara mbili kikichukua luteoalba kwa upande wa bara na kirkii kwa upande wa Pwani, wanachama wote bado wanazungumzia mizizi ya namna moja, tawi la namna moja na umwagiliaji unaofanana.

Polystachya ni chaguo la pili zuri kwa nyanda za juu, na kwa mtu anayesafiri mara kwa mara huenda likawa la kwanza. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za Afrika, na zina viazi vya juu vinavyohifadhi maji, hivyo kusahauliwa kwa siku nne si hukumu ya kifo. Polystachya bella ya nyanda za juu za Kenya, yenye maua ya manjano inayoelekea chungwa, ni ya kupendeza. Maua ya jenasi hii hukaa kichwa chini, mdomo wa ua, yaani ile petali iliyo tofauti na nyingine, ukiwa juu, na wageni wa okidi hudhani wamepewa mmea wenye kasoro.

Angraecum distichum, inayofika Uganda kutoka misitu ya magharibi na kati, ina majani mafupi yaliyolaliana mithili ya ukili uliosukwa, na hupendeza hata isipokuwa na ua. Inataka unyevu usiokatika, kwa hiyo haimfai anayeishi mahali penye upepo mkavu.

Katika zile za kigeni, Phalaenopsis equestris ya Ufilipino na Taiwan inawafaa watu wa Pwani kwa kuwa haiogopi usiku wa joto, na huzaa vichipukizi kwenye shuke lake, jambo linalokipa kikundi miche ya akiba bila gharama. Vanda falcata, iliyotunzwa na kuthaminiwa Japani tangu enzi ya Edo, ni ndogo, ina harufu nzuri ya usiku na huvumilia baridi. Inafaa Mbeya au Limuru, ambako msimu wa baridi huipa pumziko inalolihitaji. Dendrobium kingianum ya mashariki mwa Australia ni ngumu kuua, ila Pwani huzaa vichipukizi tele badala ya maua, kwani inahitaji miezi ya baridi na ukavu ili ichanue.

Yako makundi mawili ambayo ningeyakataa hata kama wanachama wote wamenyoosha mikono. La kwanza ni okidi zisizo na majani, kama Microcoelia, ambazo mizizi yake ya kijani ndiyo inayofanya kazi ya majani. Ni za ajabu, lakini mzizi ukivunjika wakati wa kuhamishwa, mmea umepoteza mdomo na jiko kwa pamoja. La pili ni okidi za ardhini za nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kama zile zinazoifanya Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, iitwe Bustani ya Mungu. Hizo hutegemea kuvu maalumu walio kwenye udongo wao wa asili na hufa polepole zikihamishwa. Viazi vyake tayari vinachimbwa kupita kiasi kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo na kuuzwa Zambia, na mradi wa hiari usiongeze mkono wake hapo.

Miche itoke wapi

Mbegu za okidi ni vumbi tupu. Hazina akiba ya chakula, na msituni haziwezi kukua mpaka zipate kuvu wa kuzilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa kwenye chupa safi yenye sukari na madini bila kuvu yeyote, na tangu hapo hakuna sababu ya kununua okidi iliyong'olewa mtini. Muuzaji wa kando ya barabara mwenye gunia la mimea yenye mizizi iliyokatika, kuvumwani iliyoshikamana nayo na majani yaliyotafunwa na wadudu ameitoa msituni, aseme atakalosema. Miche ya maabara hutambulika kwa kulingana: majani safi, ukubwa unaokaribiana, mizizi iliyojikunja kwa umbo la chupa.

Hapa kikundi kiamue jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka mwisho. Miche ya mbegu kutoka tunda moja ni ndugu, na ndugu hutofautiana. Mmoja anaweza kukua kwa kasi mara mbili ya mwenzake hata wakitunzwa na mtu yule yule. Miche iliyozalishwa kwa chembe za mmea mmoja ni nakala. Mkitaka kujua nani anatunza vizuri zaidi, tafuteni nakala. Mkitaka kuhifadhi spishi na kuona maua yanavyotofautiana, chukueni ndugu, na mkubali kwamba mche dhaifu si lazima uwe aibu ya mwenye nao. Kwa okidi za Afrika kwa kawaida mtapata ndugu tu, na kwa maoni yangu ni afadhali hivyo. Katika hali hiyo kila mwanachama apewe miche miwili badala ya mmoja, ili matokeo yake yasitegemee bahati ya mche mmoja.

Mkataba wa CITES, wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, unaihusu familia nzima ya okidi: nyingi zimo katika Kiambatisho cha Pili, na chache, zikiwemo zote za jenasi Paphiopedilum, zimo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi. Maana yake ni kwamba mche unaovuka Namanga kutoka Nairobi kwenda Arusha unahitaji kibali, hata kama umezalishwa bustanini na hata kama ni zawadi. Miche ya Kiambatisho cha Pili iliyo bado ndani ya chupa safi ya maabara haihitaji kibali cha CITES, na kwa kikundi chenye wanachama wa nchi mbili njia rahisi ni kila upande kuagiza chupa yake. Hata hivyo cheti cha afya ya mimea ni suala la pekee, nalo liulizwe mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa upande wa Kenya au TPHPA kwa upande wa Tanzania, kabla ya fedha kulipwa.

Kugawa na kuanza kupima

Msigawe miche siku ile ile inapotolewa kwenye chupa. Humo ilizoea hewa yenye unyevu mtupu, na ngozi ya majani yake bado ni laini. Ikipelekwa nyumba 12 tofauti siku hiyo, itakufa katika nyumba 8. Mwanachama mwenye uzoefu aioshe ile lishe ya chupa mpaka iishe, aipande yote pamoja kwenye chungu kimoja kipana, aifunike kwa mfuko mwangavu na kuufungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha aitunze mpaka majani yapite sentimita 5 na mizizi mipya iwe na ncha za kijani. Muda huo huweza kufika mwaka. Agizeni robo zaidi ya idadi mnayoihitaji, na akiba ibaki kwa huyo mtunzaji.

Kubalianeni mapema ni mambo gani yatakuwa sawa kwa wote. Napendekeza aina ya tawi na nguvu ya mbolea, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, viwe sawa. Mwanga na ratiba ya maji kila mtu aviamue kulingana na mahali pake. Maji yawe ya mvua inapowezekana, kwani maji ya visima vingi, hasa vya Pwani, yana chumvi inayounguza ncha za mizizi, na mwanachama mwenye maji hayo ataonekana mzembe bila kosa. Mizizi ikiwa na rangi ya fedha imekauka na iko tayari kunyweshwa, ikiwa ya kijani ingojewe.

Kila mche upewe namba, iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka kopo la mtindi, kwa kuwa wino hufutwa na jua ndani ya miezi michache na penseli hubaki. Tarehe moja ya kila mwezi kila mtu aandike idadi ya majani, urefu wa jani refu zaidi, idadi ya ncha za kijani na joto la usiku wa baridi kuliko wote katika mwezi huo, kisha apige picha yenye rula kando ya mmea. Majani peke yake hudanganya, kwani okidi inaweza kushikilia majani mazuri miezi sita baada ya mizizi kufa. Ncha za kijani ndizo zinazotangulia kusema ukweli.

Anayepoteza mche aandike tarehe, joto la wiki iliyotangulia na hali ya mizizi alipoufungua kwenye tawi, na kikundi kisome maelezo hayo kabla ya kumpa mwingine kutoka kwenye akiba.